Funza Waliosahau Mahindi

Mlezi alikuwa akiwapigia hodi funza. Sitanii. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja wa mbao na dirisha lililozibwa kwa blanketi jeusi, na ndani hamkuwa na binadamu hata mmoja. Lakini kila asubuhi alisimama pale mlangoni, akavua kofia, akagonga mara mbili na kusema, "Hodi humu." Kisha akangoja. Siku ya kwanza nilipomwona nikajua nimepata kazi kwa mwendawazimu, nikaanza kuwaza nitamwambiaje mama mkwe wangu kwamba nimeacha kazi kabla sijaianza.

Siku ya pili nilisimama nyuma yake nikatega sikio. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, kama manyunyu yakianguka juu ya majani makavu. Vilikuwa vichupa mia kadhaa juu ya rafu, na katika kila kichupa funza mmoja anatafuna. Mlezi akagonga. Sauti ikakatika. Haikupungua kidogo kidogo, jamani, ilikatika yote kwa pamoja. Akanigeukia akasema, "Haya, wametusikia. Tuingie." Nilifanya kazi mle miaka minne na sikuwahi kukizoea kimya kile.

Tulimwita Mlezi kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, kulea funza wa mabua, wale wanaotoboa mahindi. Jina lake nalijua, ila silitaji, maana binti yake yupo na ana heshima zake. Tulikuwa katika kituo cha kilimo nje kidogo ya mji wa Mbeya, miaka ya hamsini, chini ya Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Wadudu. Huyo alikuwa akijaribu dawa za vumbi za kuulia funza, na alitaka awe nao mwaka mzima, hata kiangazi wakati shambani hakuna mahindi. Sasa bila mahindi utawalisha nini? Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa mpishi wa funza.

Cheka tu, mume wangu mwenyewe alicheka. Alikuwa migodini huko kusini, akaniandikia barua kuuliza kama funza wanapenda chumvi. Hawapendi. Chakula chao kilikuwa hivi: maharage yaliyochemshwa yakasagwa, majani ya mahindi yaliyokaushwa yakatwangwa yakawa unga, hamira, sukari, dawa kidogo ya kuzuia ukungu, na unga mweupe wa mwani uliokuja kwa kopo kutoka Ulaya. Huo mwani ndio uliogandisha. Unakoroga juu ya moto kama uji, unamimina kwenye vichupa ungali moto, na ukipoa unashika, unaweza kuukata kwa kisu. Hamira nilinunua mjini kwa mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, mcha Mungu kabisa, ambaye kwa mwaka mzima aliamini napika pombe. Nilipomweleza kwamba ni ya kulishia funza, alinitazama kwa huzuni akasema, "Afadhali ingekuwa pombe, dada yangu."

Mlezi alionja kila sufuria. Nilimwambia mara ngapi kwamba mle mna dawa ya ukungu! Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho. "Leo maharage yamezidi," angesema. Na kweli yalikuwa yamezidi. Siku moja nilimuuliza amejuaje wanavyopenda wenyewe, akanijibu bila kucheka, "Nawatazama wakiwa wameshiba."

Alikuwa na maneno yake ambayo hakuyabadilisha. Ukimwaga kichupa, alisema, "Umemtoa mtu nyumbani kwake." Ukikohoa mle ndani, "Usiwahemee." Mgeni akiingia akashtuka kwa kuona rafu zote zile zinachezacheza, yeye humwambia, "Hawana ubaya, wana njaa tu." Na alikuwa na sheria moja kubwa, kwamba kila funza akae peke yake. Nilidhani ni upole. Kumbe siku moja nilikosea, nikafungia wawili pamoja na chakula kimekauka, na asubuhi alikuwa amebaki mmoja, mnene. Mlezi alikiinua kile kichupa kwenye mwanga wa mlangoni, akakiangalia muda mrefu. "Huyu sasa amejua," alisema, akaenda kukiweka rafu ya mwisho kabisa, mbali na wengine. Sikumuuliza amejua nini. Mambo mengine ya mle ndani hukutaka kuyauliza.

Ngoja niseme habari ya koti. Alivaa koti la kaki siku zote, Mbeya baridi, na halikufuliwa mpaka nilifue mimi. Funza wakikua hujifunga kwenye ganda, na baadaye hutoka nondo, na yeye ndiye aliyewashika nondo majike kwa mkono kuwahamishia kwenye vizimba vya kutagia. Siku moja aliliacha lile koti kwenye kamba nyuma ya jengo. Asubuhi nilipofika, ukungu ukiwa bado haujainuka, nililiona limekuwa jeusi. Nikasogea. Lilikuwa limefunikwa na nondo kuanzia kola hadi pindo, wametulia, wote wametazama juu, na wengine wameingia hadi ndani ya mikono. Nilipiga kelele, mwenzangu, mpaka Bwana Wadudu akatoka na sabuni ya kunyolea usoni. Yeye alifurahi. Alieleza kwamba ni madume kutoka mashambani, wamefuata harufu ya majike iliyobaki kwenye kitambaa. Basi, jambo lina maelezo yake. Lakini Mlezi alikuja, akalitoa koti kwenye kamba taratibu, akalivaa nao wakiwa humo humo, akaenda zake kazini. Maelezo ya hilo Bwana Wadudu hakuwa nayo.

Usidhani lakini alikuwa malaika. Kila Alhamisi ilikuwa siku ya kujaribu dawa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewachagua wa kufa. Alichagua walionona, kwa sababu Bwana alitaka walionona. Aliwabeba kwenye sinia mpaka chumba cha pili, akawanyunyizia vumbi kwa mkono wake, akakaa na saa akiandika nani ameacha kutembea lini. Siku hiyo hakula mchana. Ijumaa alirudi kupiga hodi kwa waliobaki, kama hakuna lililotokea.

Na kwa watu wake alikuwa mgumu. Hili lilinikera na bado linanikera. Mke wake alikuwa amefariki, na binti yake mmoja alikuwa ameolewa kwao Iringa. Barua za binti zilikaa kwenye mfuko wa lile koti miezi miwili bila kujibiwa. Mjukuu aliugua surua, Mzee akaandikiwa aje, hakwenda. Alisema, "Nikiondoka siku tatu nani atawabadilishia chakula?" Nikamwambia, "Mimi hapa, Mzee! Mikono ninayo!" Akanitazama kana kwamba nimetukana. Pasaka alikuwa mle, Krismasi alikuwa mle. Namshukuru Mungu mtoto yule alipona, lakini ningekuwa mimi ndiye binti, nisingeandika barua nyingine.

Sasa niseme lililotuunganisha mimi naye, ambalo mpaka leo linanichoma.

Mwaka wangu wa tatu, Bwana Wadudu alitaka kujua kama funza wetu bado ni sawasawa na wa shambani. Walikuwa wamezaliana mle ndani vizazi vingi, hakuna aliyewahi kuona jani bichi. Akaleta mabua mabichi, tukayapanga kwenye meza ndefu, tukawaweka funza wakubwa juu yake. Hawakula. Walipanda, wakagusa kwa kichwa, wakashuka. Kisha wakaanza kutembea juu ya meza. Nilikuwa nimesimama pale, niliona kwa macho yangu: mmoja mmoja, kutoka kila bua, waligeuka kuelekea upande mmoja, upande wa rafu yenye vichupa. Walifika ukingoni mwa meza wakaanguka chini, wakaendelea kutambaa sakafuni. Mlezi alipiga magoti, akatandaza viganja vyake. Wakapanda mikononi.

Bwana Wadudu alikasirika, akasema hawa wakubwa wameshazoea, tutajaribu wadogo waliototolewa leo, wale watakula tu. Nilimsikia vizuri. Mlezi hakusikia kitu. Alikuwa bado amepiga magoti, amejaa funza mpaka kwenye viwiko, na machozi yanamtoka. "Wamesahau," aliniambia. "Mama Sekela, umeona? Wamesahau mahindi."

Tangu siku hiyo akawa na jambo moja tu kichwani. Kama hawa wamesahau, basi nondo wao wakiachiwa shambani wataoana na wale wa nje, na watoto watakaozaliwa hawatayataka mahindi. Mwaka hadi mwaka wataenea. Watu wa Mbeya na Iringa watalima bila dawa na bila hasara, na hakuna funza atakayeuawa Alhamisi. Aliyasema haya akichambua pamba ya kuzibia vichupa, kwa sauti ya chini, na haki ya Mungu yaliingia akilini.

Alinitolea mfano wa nyumbani kwangu. Binti yangu mkubwa, Sekela, alilelewa na bibi yake Tukuyu kwa ndizi. Nilipomleta Mbeya akakataa ugali wiki nzima, akalia, akakonda. "Umeona?" alisema Mlezi. "Kinywa husahau." Hakuniuliza habari ya mdogo wake Sekela, ambaye mama yake ni yule yule na bibi yake ni yule yule, ila yeye alikulia Mbeya, akala ugali mpaka akakomba sufuria. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nililimeza. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mzee, na alikuwa na furaha, na mimi sikuwahi kumwona na furaha.

Akaniomba shamba. Lilikuwa kipande kidogo nyuma ya nyumba, lakini ndicho chakula chetu cha mwaka, mimi, mama mkwe na watoto wawili. Mume alikuwa mbali, na kilichotoka kwake kilikuja kikitaka. Nikasema sawa.

Mahindi yalipofika magotini, Mlezi alikuja jioni moja na kizimba amekifunika kwa lile koti. Alikifungua katikati ya mistari. Nondo hawakuruka. Ilibidi awaguse mmoja mmoja kwa kidole, akiwasukuma kama unavyomsukuma mtoto aende kusalimia wageni. Walikaa juu ya majani, wamekunja mabawa, wanamtazama yeye. Mama mkwe wangu alisimama mlangoni akasema kwa Kinyakyusa kwamba huyo mtu asirudi tena hapa.

Baada ya wiki kadhaa niliyaona matundu. Yamejipanga mstari kwenye majani machanga, safi kabisa, kama yamepigwa kwa sindano ya magunia. Wadogo waliototolewa wanakula tu, Bwana alikuwa amesema. Wakaingia kwenye mabua. Viini vikakauka, ukivuta vinatoka mkononi vimeoza. Mahindi ya jirani yalikuwa na funza wa kawaida tu, ya kwangu yalikufa. Tulivuna kapu moja la vigunzi. Mwaka ule tulikula mihogo ya kuomba na ndizi nilizotumiwa kutoka Tukuyu, na Sekela ndiye pekee aliyefurahi.

Wiki ile ile ya mavuno ikaja amri kwamba chumba kinafungwa. Bwana Wadudu anahamishwa, Mlezi anastaafishwa, funza wote wachomwe. Akaja kwangu, amesimama uani, kofia mkononi. Hakuuliza juu ya kustaafu. Aliuliza, "Mama Sekela, vipi shambani? Wamekula?"

Kapu la vigunzi lilikuwa ndani, nyuma ya mlango. Nikasema, "Hawakula, Mzee. Wamesahau."

Nilimwonea huruma, ndiyo. Lakini pia niliona aibu kusema kwamba nimechezea chakula cha watoto wangu huku jibu nikilijua. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaushikilia. Kesho yake nilisikia amewachoma wote nyuma ya kituo, moshi watu waliuona. Akaondoka na basi la Iringa, na mizigo mingi kwa mtu asiye na kitu.

Misimu mitatu ilipita. Dada yangu aliyeolewa Iringa alijifungua, nikaenda kumtazama, na nikiwa huko nikaambiwa Mlezi anaishi kwa binti yake, njia ya Kalenga. Nikachukua ndizi nilizobakiza kwenye zawadi ya dada nikaenda kumsalimia. Nilifurahi njia nzima. Kumbuka nimesema nilifurahi.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, na kando yake shamba la mahindi. Nililiona shamba kabla sijauona mlango. Nilisimama barabarani na ndizi zangu. Matundu yamejipanga mstari, viini vimekauka, mabua yamelala, mpaka bondeni kabisa.

Binti alitoka kunipokea. Mwanamke wa umri wangu, mifupa ya shingo imemtoka. "Kamwene," akanisalimu, nami nikaitikia. Watoto wake wawili walizitazama zile ndizi na hawakusema kitu, na ndivyo nilivyojua kuna njaa. Akauliza mimi ni nani. Nilipomwambia, akanishika bega.

"Wewe ndiye Mama Sekela? Yule mwenye shamba?"

"Mimi."

"Dada, niambie ukweli. Baba anasema kwako ilifanikiwa. Anasema nivumilie, kizazi kimoja tu. Huu ni msimu wa tatu. Mume wangu ameshaondoka, amesema atarudi nikiwatoa wadudu au nikimtoa baba. Kwako ilichukua muda gani?"

Kutoka nyuma ya ukuta wa chumba cha pembeni, katikati ya mchana, nilisikia manyunyu yakianguka juu ya majani makavu. Hakukuwa na wingu.

Hakuwachoma. Alikuwa amechoma vichupa vitupu na majani, akawaleta hawa na basi, kwenye masanduku, chini ya koti. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mle ndani kwenye kigoda, amekuwa mdogo, akikata uji ulioganda kwa kisu. Maharage ya nyumba ile yalikuwa yakienda kwa funza. Aliponiona akatabasamu. "Mwanangu! Njoo uonje. Nahisi hamira imepungua."

Nilikaa chini mbele yake, na binti amesimama mlangoni. "Mzee, nilikudanganya," nikasema. "Shamba langu walilimaliza lote. Tulivuna kapu moja. Hawakusahau kitu. Nilikudanganya, Mzee, nisamehe."

Aliendelea kukata. Alimaliza kipande, akakitia kwenye kichupa, akaziba kwa pamba. "Nilipita shambani kwako kabla sijaja kukuuliza," alisema. "Niliyaona mabua."

Binti akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Mimi nikapandwa na hasira mpaka macho yakaingia giza. "Kama uliona, mbona umewaachia nondo kwenye shamba la mwanao? Misimu mitatu! Wajukuu wako wana njaa!"

"Wakitoka kwenye ganda wanataka kwenda nje," alisema. "Ningewapeleka wapi? Niliambiwa niwachome. Nilijaribu, Mama Sekela. Niliwasha moto, nikashindwa. Wewe uliposema hawakula, nikaona angalau kuna mtu mmoja ameniruhusu."

Nikasimama. Sikumwuliza yeye, nilimwuliza binti lilipo sufuria kubwa. Akanionyesha. Tukabandika maji uani, mafiga matatu, tukachochea kuni sisi wawili, na watoto wanakula ndizi kando. Maji yakaanza kutokota. Nikaingia kuchukua vichupa. Mlezi alikuwa amesimama mbele ya rafu, mikono imening'inia.

"Subirini kwanza wamalize kula," alisema.

Sauti ya kutafuna ilikuwa imejaa chumba kizima. Nilimwangalia, na hasira yangu yote ikanitoka, nikabaki na huzuni tu. "Mzee," nikasema, "hawa hawamalizi."

"Najua, mwanangu," akasema, akageuka, akachukua kichupa cha kwanza na kunipa mkononi.